Maziwa ya Mukwe Wangu na Sipro ya Mwisho

Juzi mujukuu wangu aliniletea chupa ya plastiki, nyeupe, kifuniko buluu, imejaa vidonge. "Koko," akaniambia, "humu iko vidudu vizuri vya tumbo. Mutu akikula antibiotiki, tumbo linabaki kama shamba lililochomwa. Sasa hivi vinarudisha uzima."

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Vidudu vizuri! Siye tulivinywa ndani ya kibuyu, vinanuka moshi, na hakuna mutu aliyetuchorea picha kama ile ya chupa, mwanamuke anayeshika tumbo na kucheka. Lakini usifikiri nilicheka sababu ni uongo. Ni kweli. Nilicheka sababu nilimuuliza, "Nitakula saa ngapi?" na yeye akajibu, "Saa yoyote, Koko, pamoja na dawa yako ingine."

Saa yoyote! Mutoto amesoma mpaka macho yanavaa miwani, na hajui kwamba dawa zinapigana ndani ya mutu kama wake wenza.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri, kisha baba yangu akasema mbuzi hazijichungi. Lakini saa ya dawa ninaijua. Nilijifunza hapa Bunia wakati wa vita, binti yangu akiwa amelala kwa mukeka anaishaisha, na kitu kilichokuwa kinamumaliza kilikuwa kikombe cha maziwa kilicholetwa kwa upendo.

Nilikuwa nimekimbia toka upande wa Kpandroma na sufuria mbili na nguo niliyovaa. Mume wangu alikuwa amekufa kabla ya vita, alikufa vizuri, kwa kitanda chake, namushukuru Mungu. Binti yangu aliolewa hapa Bunia, katika commune ya Mbunya, kwa hiyo nikaenda kwake. Ninasema kwake, lakini mwanamuke aliyeolewa hana kwake kama mama ya bwana anaishi kiwanja kile kile. Kiwanja kilikuwa cha mukwe wangu, mama ya mume wa binti yangu. Nyumba yake, jikoni yake, choo yake, na ng'ombe yake.

Ng'ombe ile! Zamani alikuwa nazo nyingi, zikachukuliwa. Hii moja iliyobaki akaikokota mpaka mujini akaifunga nyuma ya jikoni, na akaiheshimu kuliko pasta. Bunduki zikilia, watu wote tulilala chini, mudomo kwa udongo. Yeye alitoka kwanza kuangalia kama ng'ombe imeogopa. Ninakuambia nilimuona akiiomba radhi sababu ya kelele.

Kwetu, mama ya bibi, yaani ya muke, hakai mbele ya mume wa binti yake. Hawezi kula wala kunywa akiwa anaonekana na yeye. Wakati wa amani heshima hii haichoshi mutu: unakuja siku ya sherehe, unajifunika kitenge, unarudi kwako. Lakini vita ilitusukuma wote ndani ya kiwanja kimoja. Mimi, mwanamuke niliyeuza viazi na maharagi soko ya Kpandroma na kutukana wanunuzi mbele ya watu wote, nikawa nakula bugali nyuma ya choo kama mwizi, ili kijana yule asione mudomo wangu ukitembea. Na sikuongea. Mugeni anayelishwa ana ulimi mufupi. Mukwe wangu alijua hiyo, na aliifurahia kama mutu anayeota jua.

Basi binti yangu akashikwa na homa. Homa ya kupanda polepole, jioni ni kali kuliko asubuhi, kichwa kinauma, tumbo limekaza kama ngoma. Hata mimi nilijua ni tifoide. Maji tuliyokunywa wakati ule, mbwa angenusa na kuenda zake.

Mukwe wangu ndiye alimupeleka kwa poste ya afya. Mimi niliachwa kulinda sufuria. Pale kulikuwa muganga moja, mwanaume wa majivuno, anayeongea Kifaransa hata na kuku zikipita. Lakini ndiye aliyebaki, wengine wote walikimbia, kwa hiyo majivuno yake tuliyameza. Alimupa binti yangu sipro, ile antibiotiki ya tifoide. Siku zile kupata sipro ilikuwa kama kupata chumvi jangwani: barabara zilikuwa na watu wenye bunduki, na ndege zilizofika zilileta vitu vingine. Mukwe wangu alirudi anashika kikaratasi cha vidonge mbele ya kifua chake kama ekaristi.

"Muganga amesema nini?" nilimuuliza binti yangu pembeni.

"Asubuhi na jioni, mama. Na maji. Maji tu, amerudia mara nyingi."

Maji tu. Nilisikia kwa masikio yangu mawili, hata kama mimi si mutu wa kuulizwa.

Jioni hiyo mukwe wangu akatokea na kikombe cha maziwa, ya moto, povu juu.

"Mama mukwe," nikasema polepole, macho chini, "si wamesema maji?"

"Weye unajua nini? Dawa ya wazungu iko moto. Lazima maziwa iitulize. Kwetu hata mutu akila sumu tunamupa maziwa. Baba yangu alikunywa maziwa na kila dawa, akazeeka mpaka akasahau majina yetu."

Sasa angalia akili hiyo. Kama maziwa inavunja sumu, na inavunja ukali wa dawa, basi dawa inabaki na nini? Lakini mutu aliyekulia nyuma ya ng'ombe hafikirie mpaka mbali hivyo. Binti yangu alimeza sipro na maziwa, sababu mama ya bwana haambiwi hapana.

Kama ingekuwa maziwa tu, labda. Lakini wakati ule ule akaanza kupita pale kiwanjani mwanaume moja wa valizi, muuzaji wa dawa za njiani. Kila muji wa vita unazaa watu wa namna hii, kama mavi inavyozaa nzi. Alivaa koti nyeupe ya udaktari, lakini nililiangalia vizuri: mikono ilikuwa imekauka unga na mafuta ya kukaanga. Koti ya muoka mandazi. Chupa zake zilivuka ziwa na mitumbwi mpaka bandari ya Tchomia, zikalala kati ya magunia, kwa hiyo vitamini zake zote zilinuka samaki ya chumvi.

"Mama," akamuambia mukwe wangu, sauti tamu, "mugonjwa wako amekauka. Hii nyekundu ni chuma, inaongeza damu. Hii nyeupe ni kalsium, inakaza mifupa. Na hii sirop, dawa ya maji, inafungua njaa."

"Njaa hapa iko wazi tangu vita ianze," nikasema nyuma ya mukeka.

"Nani anaongea kule?"

"Ni mugeni," mukwe wangu akajibu. "Usimusikilize."

Akanunua nyekundu na nyeupe. Sirop tu ndiyo iliachwa, sababu chupa ilikuwa na inzi ndani.

Toka siku hiyo mukwe wangu akawa anaweka vidonge vyote ndani ya kiganja kimoja, kama mutu anayelisha kuku: sipro, nyekundu, nyeupe. "Meza zote mara moja, mutoto wangu, zisaidiane." Na kikombe cha maziwa juu yake. Halafu anasimama pale, mikono kwa kiuno, anangojea sifa.

Homa haikushuka. Kikaratasi cha sipro kilikuwa kinaisha na binti yangu alikuwa anaisha nacho. Midomo ikapasuka. Akaanza kuongea na watu ambao hawakuwa ndani ya nyumba, na tumbo lake ukiligusa analia bila machozi. Nilikuwa nimeona tifoide mbele ya siku hizo. Najua inafika wapi: inatoboa utumbo, na ikishatoboa, mahali ambapo hakuna mupasuaji, munatafuta mbao za sanduku.

Na mukwe wangu? Nilimusikia akimuambia mwana wake: "Damu ya kwao ni nyepesi. Nilikuambia mbele ya ndoa. Dawa nzuri kama hii, maziwa nzuri kama hii, na mutu hatulie! Nitaongeza kikombe."

Aongeze kikombe! Nikajifunga kitenge changu nikatoka.

Njia ya kwenda kwa muganga ilikuwa na kizuizi cha kamba. Kijana moja mwenye bunduki, ndevu hazijaota bado, akaniuliza ninaenda wapi. Nikamuambia ninaenda kuharisha, kama anataka anisindikize. Akatoa kamba haraka.

Nikamuambia muganga mimi ni nani na kwamba homa haijashuka; alinisikia bila kuinua kichwa.

"Mama ya yule wa tifoide? Sipro haikushusha homa? Haiwezekani. Munamupa namna gani?"

Nikamuambia yote. Maziwa. Nyekundu. Nyeupe. Kiganja kimoja.

Hapo akainua kichwa. Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyekamua ile ng'ombe.

"Pongezi," akasema. "Choo yenu imepona tifoide."

"Unasema nini, docta?"

"Ninasema mumetibu choo! Sipro ni kama mulevi. Ikikuta chuma ndani ya tumbo, inakumbatia. Ikikuta chokaa ya maziwa, inakumbatia. Ile nyeupe ya mifupa nayo ni chokaa tupu. Wakishakumbatiana hivyo, sipro haipite tena kuingia kwa damu. Inatoka nyuma, wote pamoja. Binti yako amekula nusu ya dawa yangu na haikufika kwake. Nilisema maji! Munafikiri nilisema maji sababu ninachukia ng'ombe?"

Nilitaka kumuambia kwamba sikuwa mimi aliyekuja mara ya kwanza. Lakini kugombana na mutu mwenye ufunguo wa kabati ni ujinga, na mimi nina makosa mengi, ujinga hapana.

Akafungua kabati. Ilikuwa tupu kama kanisa siku ya kazi. Akatoa kikaratasi kimoja cha sipro.

"Hii ndiyo ya mwisho. Ninaitoa sababu mimi mujinga. Asubuhi jua likitoka, jioni jua likiingia. Maji. Ile nyekundu na nyeupe, musimupe mpaka sipro iishe kabisa. Mukiharibu hii pia, musirudi hapa kunililia, sina kitu ingine."

Nilirudi nimeifunga ndani ya pindo la kitenge, upande wa tumbo. Njiani nilikuwa nawaza moja tu. Kusema ndani ya kiwanja kile, mbele ya mwenye kiwanja, kulikuwa kujifukuza. Na nje ya kiwanja kile nilikuwa na wapi? Kule karibu na uwanja wa ndege, chini ya hema, na wengine waliokuwa wanalala kwa matope. Basi nikasema, matope ni matope, binti ni binti.

Jua lilikuwa linaingia. Mume wa binti yangu alikuwa amekaa kwa mulango, kichwa ndani ya mikono. Nilijifunika kama kawaida, nikapita pembeni, nikaingia na kopo ya maji iliyochemshwa, sipro ndani ya mukono. Mara mukwe wangu anakuja na kikombe, na vidonge vyake vya samaki ndani ya kiganja.

"Leta hiyo sipro," akaniambia.

"Hapana."

Hakuelewa. Nadhani hakuwa amesikia neno hilo tangu alipozaa mwana.

"Umesema?"

"Nimesema hapana, mama mukwe. Muganga amesema maziwa yako inafunga dawa, inaitoa kwa choo. Hii nyekundu pia. Hii nyeupe pia. Umelisha choo yako dawa ya binti yangu wiki nzima."

"Maziwa yangu!" Sauti yake ikaruka mpaka kwa jirani. "Maziwa yangu inaua? Weye unayekula bugali yangu? Ulikuja hapa na sufuria mbili, moja imetoboka!"

"Hata ile iliyotoboka ina akili kuliko mutu anayenunua dawa kwa muoka mandazi!"

"Mwanangu! Njoo usikie mugeni wako!"

Mwana akaingia. Akasimama kati yetu kama mutu aliyepotea soko. Akaangalia mama yake, akaangalia ukuta, sababu mimi hakuwa na ruhusa ya kuniangalia. Na mukwe wangu, kwa kuwa mbele ya mwana wake alijua mimi sitafungua mudomo, akapiga magoti na kikombe, akainua kichwa cha binti yangu. Binti, kwa utii wa kijinga wa wagonjwa, akafungua mudomo.

Ndipo nikakamata kile kikombe. Sikukimwaga, maziwa haimwagwi wakati wa njaa, mimi si mushenzi. Nilitoa kitenge kwa kichwa, nikageuka nikamutazama mume wa binti yangu ndani ya macho, na nikakinywa chote. Mbele yake. Koo langu likipiga kelele, povu likibaki kwa mudomo wa juu. Kisha nikajipangusa na mukono.

Yule kijana alifunika uso kama vile ameniona uchi, na kwa desturi yetu ilikuwa karibu kitu kile kile. Mukwe wangu alibaki kwa magoti, mikono bado imeshika hewa.

Nikamuinamia binti yangu. "Meza," nikamuambia. Akameza sipro na maji.

"Kesho utatafuta kwako," mukwe wangu akasema, sauti ndogo.

"Kesho nitatafuta. Leo ninalala hapa."

Nikalala nimekingama mulangoni. Asubuhi jua likatoka, nikamupa sipro na maji. Hakuna mutu aliyenifukuza. Mwana alikuwa amemuambia mama yake, nje, akiwa anafikiri sisikie: "Mumuache mpaka bibi yangu ainuke ao afe." Tazama mwanaume! Ainuke ao afe. Lakini ilikuwa sentensi ya kwanza ya akili niliyosikia toka kwake, na nikaipokea.

Homa ikaanza kushuka. Kwanza ya asubuhi, kisha hata ya jioni. Binti akaacha kuongea na watu wasiokuwepo. Siku moja akaniuliza, "Mama, ni kweli ulikunywa mbele yake?" Nikasema ndiyo. Akacheka, kicheko kidogo kama cha panya, na akashika tumbo sababu ya maumivu.

Ningependa kuishia hapo, nimeshinda. Lakini dawa ile, ilipoanza kuingia vizuri kwa damu, ikavuruga tumbo. Akaanza kuharisha maji. Chakula chote kilipita kama kwa bomba. Muganga alipita kumuangalia, na akashangaa kumukuta hai.

"Tumbo la mutu liko na vidudu vizuri na vibaya," akanieleza. "Sipro inapiga bila kuuliza nani ni nani, kama hawa wenye bunduki. Sasa munatakiwa kurudisha wale wazuri. Maji yenye chumvi na sukari kila saa. Na mumupe mashanza."

Nikafikiri sijasikia vizuri. "Mashanza, docta? Maziwa ya kugandisha? Juzi si ulisema…"

"Juzi nilisema pamoja! Mama, sikiliza. Sipro jua likitoka. Jua likiwa juu ya kichwa, mashanza. Jua likiingia, sipro tena. Wasikutane njiani. Hivi munaweza, ao ni ngumu sana?"

Nilimuangalia vile anatoka na majivuno yake, nikatamani ajikwae kwa jiwe. Sababu katika mutaa muzima, mashanza ilikuwa ndani ya kibuyu kimoja tu.

Mukwe wangu alikuwa anasukasuka kile kibuyu kwa goti lake, nyuma ya jikoni, karibu na ng'ombe. Nilisimama. Hakugeuka.

"Mama mukwe."

"Ninasikia mutu? Hapana, ni upepo."

"Mama mukwe, muganga anasema mutoto anatakiwa mashanza."

Akasimamisha kibuyu. Looo, ule uso! Hata ningeishi mara mbili singeusahau. Jua lilikuwa limetoka ndani yake.

"Mashanza gani? Ile inayoua?"

"Ile ile."

"Ile inayotibu choo?"

"Saa ya katikati haitibu choo. Jua likiwa juu. Mbali na sipro."

"Piga magoti," akasema, "maana mimi ni muzee, sisikie mutu akiwa juu."

Nikapiga magoti. Kwa mavi ya ng'ombe, kwa sababu hakuniachia nafasi ingine. Nikanyoosha mikono miwili, kama desturi inavyotaka. Alimimina polepole, tone kwa tone, kama mutu anayepima dhahabu, anaimba chini chini wimbo wa kanisa. Nilingojea mpaka verse ya mwisho.

Saa sita ya muchana binti alikunywa. Kesho yake tena. Tumbo likaanza kukamata. Mukwe wangu akawa anachungulia jua kuliko jogoo. Kabla halijafika juu anafika na kikombe, anaketi, anangojea, na mimi nikiwa mulangoni kumuonyesha kivuli changu kwa udongo: bado ni kirefu, ngoja. Anasonya. Anangoja. Hivyo ndivyo tulivyomulinda, kila mutu akimulinda asiharibiwe na mwingine.

Siku sipro ilipoisha, binti yangu alikuwa ameketi kwa mulango anaota jua, ngozi na mifupa, kitenge kimemuzunguka mara tatu. Mukwe wangu alikuwa anaelezea jirani kwa sauti kubwa vile maziwa yake imefufua mutu.

"Hata muganga mwenyewe alikuja kuiomba," akasema.

"Muganga aliiomba lini?" nikauliza.

"Weye nyamaza, weye ulikuja na sufuria imetoboka."

"Na weye na koti ya muoka mandazi!"

"Mama zangu!" binti yangu akapaza sauti, sauti ya kweli, ya tumbo, ambayo sikuisikia tangu homa ianze. "Munaniua na kelele! Nani anapika leo? Nasikia njaa!"

Kisha mukwe wangu akanigeukia, macho yamejaa maji, na akanisukumia kisu na rundo la sombe, majani ya muhogo.

"Haya, kata," akasema. "Ao unafikiri mugeni anakaa tu?"